Kusini mwa Mbagathi: historia ya nyumba pale karatasi zilipochelewa

Nyumba aliyoishi Karen Blixen chini ya Vilima vya Ngong haina siri kubwa iliyobaki. Ilijengwa mwaka 1912 na mhandisi wa Kiswidi, Åke Sjögren. Blixen na mumewe walihamia humo 1917, shamba la kahawa la ekari zipatazo 6,000 likauzwa 1931 kampuni iliyolimiliki ilipozidiwa na madeni, Denmark ikaizawadia Kenya nyumba hiyo wakati wa uhuru, na tangu 1986 ni makumbusho. Sasa uvuke Mto Mbagathi, upite Ongata Rongai uelekee Tuala, na uulize maswali yale yale kuhusu nyumba ya mawe iliyosimama kando ya barabara: nani aliishi hapa kwanza, lini, na kwa haki gani? Karibu kila hati utakayoipata mwanzoni itakuwa changa kuliko karani anayekutafutia. Wengi hukata tamaa papo hapo. Wengine hufanya jambo baya zaidi, husema kwamba hapa palikuwa pori tupu mpaka wanunuzi wa ploti walipofika. Mimi nasema uchache wa karatasi kusini mwa Mbagathi si dalili kwamba watu hawakuwapo. Uchache huo ulitengenezwa. Una tarehe zake na sheria zake. Mtu anayezijua anaweza kuandika historia ya nyumba ya Tuala kwa uhakika wa kutosha, mradi akubali kuichunguza ardhi kabla ya kuzichunguza kuta.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Miaka mitano baadaye, Agosti 1904, serikali ya Mwingereza ilifanya mkataba na viongozi wa Wamaasai, Olonana akiwa mbele yao, ukawaondoa Wamaasai katika Bonde la Ufa na kuwagawia hifadhi mbili: moja Laikipia, nyingine kusini mwa reli. Mkataba wa pili, wa 1911, ukaivunja ile ya Laikipia na kuipanua ya kusini. Wamaasai walikwenda mahakamani katika kesi ya Ol le Njogo, na mwaka 1913 kesi ikatupwa kwa sababu kwamba mikataba hiyo ilikuwa mapatano ya watawala wawili, hivyo haikuwa kazi ya mahakama za koloni kuitolea hukumu. Yaliyofuata katika makabati ya serikali ndiyo yanayomhusu mtafiti wa nyumba. Kaskazini mwa mto, chini ya sheria ya ardhi ya mfalme ya 1915, walowezi walipewa mikataba ya kukodi ya miaka 999. Kila shamba likapimwa, likapewa nambari, likachorewa ramani, na kila lilipouzwa au kuwekwa rehani alama ikabaki. Kusini mwa mto palikuwa hifadhi ya wenyeji. Huko afisa wa wilaya aliandika juu ya ng'ombe, kodi, maradhi ya mifugo na mabwawa ya maji, wala hakuwa na sababu ya kuandika boma la nani liko wapi, maana sheria haikumtambua mwenye boma kuwa mmiliki. Hata hivyo mkataba wenyewe wa 1904, ulipoieleza hifadhi ya kusini, ulitaja kwamba ni nchi iliyokaliwa tangu awali na koo za Kaputiei, Matapato na nyinginezo, ukataja na kijito cha Kiserian kuwa ndani ya eneo hilo. Serikali ilijua mahali hapa pana wenyewe, nayo ikaliandika hilo. Kilichokosekana ni nia ya kuandika makazi yao nyumba kwa nyumba.

Basi mtafiti aanzie mwisho, kwenye hatimiliki ya leo, arudi nyuma. Hati za eneo hili pana huandikwa jina la Kajiado, kisha sehemu ya usajili kama Kaputiei Kaskazini au Olooloitikosh/Kitengela, kisha nambari ya kipande. Nambari peke yake tayari ni ushahidi. Shamba linapogawanywa, nambari yake ya zamani hufungwa na vipande vipya hupewa nambari zinazofuata katika daftari. Kwa hiyo nambari ya tarakimu moja au mbili kwa kawaida ni shamba la usajili wa mwanzo, na ya tarakimu tano ni kipande cha kipande cha kipande. Nyuma ya nambari hiyo kuna kadi ya usajili, ile ambayo watu wa ofisi za ardhi huiita kadi ya kijani. Ina sehemu tatu: ya kwanza hueleza ardhi yenyewe na ukubwa wake, ya pili huorodhesha wamiliki mmoja baada ya mwingine pamoja na tarehe, ya tatu huonyesha rehani, zuio na mizigo mingine. Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalitazami liko katika ile sehemu ya kwanza: kadi husema kipande hiki kilitoka katika mgawanyo wa nambari gani. Ukiishika nambari hiyo, unaomba kadi iliyofungwa ya mama yake. Nayo itakutajia ya bibi yake. Pamoja na kila mgawanyo kuna fomu ya mpima ardhi, mutesheni kama inavyoitwa mitaani, yenye mchoro wa mipaka na tarehe. Na kwa kuwa ardhi ya kilimo haiwezi kuuzwa bila kibali tangu Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967, kumbukumbu za vikao vya bodi ya udhibiti wa ardhi huweza kuonyesha nani alisimama mbele ya wazee wa bodi kuomba ruhusa, na ekari ngapi zilikuwa zinaondoka mikononi mwa familia.

Ukifuata ngazi hiyo hadi chini, utafika kwenye usajili wa mwanzo, na hapo historia inabadilika sura. Baada ya uhuru, ardhi ya hifadhi ilikuwa amana mikononi mwa Baraza la Kaunti la Olkejuado. Mwaka 1968 Bunge lilipitisha sheria mbili, moja ya uamuzi wa haki za ardhi na nyingine ya wawakilishi wa makundi, na ndizo zilizozaa ranchi za makundi kote Kajiado. Kamati za wenyeji zilikaa kuamua nani ana haki wapi, ramani ikachorwa, majina yakaandikwa, na aliyekuwa na kinyongo akaruhusiwa kuweka pingamizi. Kwa maoni yangu majalada ya mapingamizi hayo yana thamani kuliko karatasi nyingine yoyote ya Kajiado, kwa kuwa ndimo familia zilipolazimika kueleza mbele ya watu kwa nini zinadai mahali fulani. Ranchi ya kundi ya Kitengela iligawanywa kwa wanachama wake mwishoni mwa miaka ya 1980. Sheria ya maeneo maalumu ya viwanda vya kuuza nje ikapitishwa 1990, viwanda vikaja Athi River, wafanyakazi wakatafuta mahali pa kulala, na ekari zilizokuwa malisho zikaanza kuuzwa kwa futi hamsini kwa mia. Tuala, kwa kuwa iko upande wa Rongai na pembeni mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ilifikiwa na wimbi hilo baadaye. Kwa sababu hiyo mnyororo wa wamiliki wa ploti nyingi za huko ni mfupi, na mzee aliyeandikwa katika usajili wa mwanzo bado huenda anajulikana kwa jina na sura.

Msomaji mwenye shughuli nyingi atauliza kama upekuzi rasmi wa ofisi ya ardhi, sachi tunayoijua sote, hautoshi. Hautoshi. Sachi hujibu swali moja tu: leo hii daftari linamtaja nani, na kuna mzigo gani juu ya ardhi. Haisemi yeye aliipataje, wala aliyemtangulia aliipataje. Mahakama za Kenya zimelisema hili kwa sauti inayozidi kupanda. Katika kesi ya Munyu Maina mwaka 2013, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba hati inapotiliwa shaka, mwenye nayo hawezi kuipunga tu hewani; ni lazima aonyeshe mzizi wa umiliki wake. Aprili 2023, katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu ilirudi nyuma mpaka ugawaji wa 1989 wa kiwanja cha ufuoni Nyali, ikaona haukufuata sheria, na mnunuzi wa baadaye akakosa kinga. Oktoba mwaka huo huo nyumba nyingi zilibomolewa Mavoko, mwendo mfupi kutoka Kitengela, kwenye ardhi iliyothibitishwa mahakamani kuwa ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Waliokuwa wamejenga hapo hawakukosa karatasi. Wengi walikuwa nazo. Walichokosa ni historia ya karatasi hizo. Kwa hiyo anayedhani kwamba historia ya nyumba ni anasa ya wastaafu atazame kwanza vifusi vile.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba Tuala haina nyumba za zamani za kuchunguzwa. Ni kweli kwamba kuta nyingi za mawe huko ni za miongo miwili mitatu iliyopita. Lakini pingamizi hilo linachukulia kwamba nyumba ni mawe. Enkaji, nyumba ya Kimaasai iliyojengwa kwa fito na kukandikwa samadi, hujengwa ikijulikana kwamba siku moja familia itahama. Kutodumu kwake ni sehemu ya ufugaji wenyewe wala si uhaba wa akili ya ujenzi. Hata hivyo huacha alama, na alama zake ni kaidi. Mwaka 2018 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa wanaakiolojia wakiongozwa na Fiona Marshall, uliofanyika Narok, ukaonyesha kwamba maboma ya wafugaji wa kale, yenye umri wa kati ya miaka 1,500 na 3,700 hivi, bado yanajulikana kwa rutuba ya udongo na nyasi zake, kwa sababu ya samadi iliyorundikana humo. Ikiwa boma la zama hizo linasomeka leo, boma la mwaka 1950 halijafutika kabisa. Njia ya kulitafuta ni picha za angani. Jeshi la anga la Uingereza lilipiga picha sehemu kubwa za Kenya mwishoni mwa miaka ya 1940, na Idara ya Upimaji, yenye makao yake Ruaraka, ndiko kwa kuulizia picha za zamani na ramani za kipimo cha 1:50,000. Duara la boma, njia ya ng'ombe kuelekea mtoni, zizi lililoachwa: vyote huonekana kutoka juu, na vinaweza kulinganishwa na mipaka ya ploti ya leo. Kwa miaka ya karibuni kazi ni nyepesi zaidi. Picha za setilaiti za Landsat zilianza 1972, na zile kali za miaka ya 2000 na kuendelea humwezesha mtu yeyote mwenye simu kuona mwaka ambao paa la nyumba yake halikuwapo na mwaka ambao lilikuwapo. Hapo unapata umri wa nyumba usiohitaji kumbukumbu ya fundi wala risiti ya saruji.

Halafu kuna Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, katika lile jengo la zamani la benki kwenye barabara ya Moi, Nairobi. Asasi hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1965, na kwa kawaida hufungua majalada ya serikali yakishatimiza miaka 30, maana yake hata mambo ya miaka ya mwanzo ya mgawanyo wa ranchi sasa yamefikia umri wa kusomwa. Asiende mtu huko akitegemea kukuta jalada lenye jina la nyumba yake. Aende kusoma ripoti za mwaka za Wilaya ya Kajiado, majalada ya mkuu wa wilaya kuhusu maji, malisho, minada na mipaka, na ushahidi uliotolewa mbele ya Tume ya Ardhi ya Kenya, ile ya Jaji Carter iliyofanya kazi kati ya 1932 na 1934 na kuchapisha maelfu ya kurasa za maneno ya mashahidi, Wamaasai wakiwamo. Bwawa linalotajwa katika ripoti huweza kuwa lile lile lililo nyuma ya ua wako. Kuwekwa kwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi mwaka 1946, Mbagathi ukiwa mpaka wake wa kusini, nako kuliacha maandishi mengi juu ya wafugaji waliokuwa wakinywesha mifugo upande wa pili. Kuna pengo la kusikitisha: moto wa 1939 uliunguza sehemu ya kumbukumbu za makao makuu ya serikali ya koloni Nairobi. Mengine yanaweza kupatikana kwa nakala zilizopelekwa Uingereza, ambazo leo ziko Kew, London. Na mtu asilidharau Gazeti Rasmi la Serikali, linalotoka tangu 1899. Tangazo la hatimiliki iliyopotea au la mirathi hutaja jina, nambari ya kipande na tarehe, na mara nyingi ndilo linalounganisha kadi mbili zilizokuwa hazionani.

Lakini je, karatasi za mkoloni ziaminiwe? Ndilo swali ninaloliheshimu kuliko yote. Afisa wa wilaya aliandika ili kutawala. Alihesabu vichwa vya ng'ombe na kutoza, na alipowaita watu wavivu au wakaidi alikuwa anaeleza ugumu wa kazi yake. Hata baada ya uhuru daftari liliendelea kuficha mambo. Nyumba ya Kimaasai hujengwa na mwanamke, naye ndiye mwenye mlango, ilhali orodha za wanachama wa ranchi ziliandikwa majina ya wakuu wa familia, karibu wote wanaume. Mtafiti anayenakili daftari bila kuuliza ataandika historia ya nyumba isiyo na aliyeijenga. Hata hivyo kasoro hizi hazitoi ruhusa ya kuzitupa karatasi. Zinadai zisomwe pamoja na ushahidi mwingine, na kwamba kila mmoja usahihishe mwenzake. Mwanahistoria Lotte Hughes alifanya hivyo katika kitabu chake cha 2006 kuhusu kuhamishwa kwa Wamaasai: alisoma nyaraka za serikali na pia akawasikiliza wazee, na picha iliyotokea haikuwa ya upande wowote mmoja. Wazee wa Kaputiei wana kalenda yao ya marika, nayo ina nidhamu. Mzee akisema boma lilihamia hapa rika la Ilnyangusi wakiwa morani, au Iseuri wakiwa wameshatahiriwa, ametaja kipindi kinachoweza kulinganishwa na ripoti. Akisema ni baada ya ule ukame mkali uliomaliza ng'ombe na kufuatiwa na mafuriko, anazungumzia 1960 na 1961, na ripoti za Kajiado za miaka hiyo zimejaa habari hiyo hiyo. Masimulizi yakikutana na karatasi katika tukio moja, mtafiti ana msumari wa kutundikia mengine. Yakipingana, aandike yote mawili na aseme yanapopingana. Kwa upande wa wanawake, kumbukumbu za mdomo kwa sasa zina mengi kuliko ofisi yoyote, ingawa tangu sheria za 2012 fomu za ridhaa ya mwenzi wa ndoa zimeanza kuyaingiza majina yao kwenye majalada.

Wapo pia wanaoonya kwamba kufukua mambo ya ardhi Kajiado ni kuamsha ugomvi uliolala. Wana haki ya kuogopa. Familia zimevunjika kwa sababu ya ekari zilizouzwa na baba mmoja bila wanawe kujua. Lakini ugomvi wa namna hiyo haujalala. Uko mahakamani, na hukumu za Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Kajiado husomwa bure mtandaoni na yeyote anayetaka. Adabu inayotakiwa ni ya mtafiti: asichapishe majina ya walio hai bila idhini yao, asimwendee mzee akiwa na hatimiliki mkononi kana kwamba anamhoji mshtakiwa, na amrudishie mzee nakala ya alichokiandika. Mnunuzi aliyefanya hivyo huwa amejijengea ujirani. Anayejua kwamba ua wake umekata njia ya zamani ya ng'ombe kwenda mtoni hulielewa vizuri zaidi lalamiko la jirani mfugaji, na mpango ulioanza mwaka 2000 wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasizungushie ua haumwonekei tena kuwa jambo la simba na nyumbu peke yao.

Kuna jambo moja lisiloweza kungoja. Kadi zilizofungwa zinaweza kukaa kabatini, na mfumo wa Ardhisasa ulioanza Nairobi Aprili 2021 unaelekea kuzifanya kumbukumbu za ardhi zisomwe kwa kompyuta. Lakini mfumo wa namna hiyo unaweza kuhamisha umiliki wa leo na kuuacha mnyororo wa jana ukiliwa na mchwa. Serikali ya Kaunti ya Kajiado na Wizara ya Ardhi zipige picha kadi zilizofungwa, fomu za migawanyo na majalada ya mapingamizi kabla ya kuyahesabu kuwa takataka. Na wewe uliyejenga Tuala, Kitengela au Olooloitikosh, omba kadi ya mama ya ploti yako mwezi huu, kisha mtafute mzee ambaye jina lake liko kwenye usajili wa mwanzo, au mjane wake. Watu wa rika la Iseuri wengi wamepita miaka 80.